Nyasi inayotaka jua: shajara ya Themeda bustanini

Eneo na sababu ya kuchagua nyasi hii

Kipande chenyewe kiko upande wa magharibi wa nyumba. Jua hukipiga tangu asubuhi ikishakomaa mpaka linapozama, na ukuta hurudisha joto hata baada ya giza kuingia. Udongo ni kichanga chenye changarawe. Maji ya mvua hupita tu, hayatuami. Ukoka uliokuwapo ulikuwa unaishi kwa mpira wa maji, na mpira ulipofungwa ukabaki mabaka mabaka. Mradi ni kulivika eneo lote nyasi ya asili inayosimama, yenye sura ya kutazamwa mwaka mzima, isiyodai maji ikishashika mizizi.

Nimechagua Themeda triandra. Kwetu ni mwenyeji, na si kwetu tu: hukua yenyewe kuanzia Afrika, ikapitia Uarabuni na Asia, hadi Australia, ambako huitwa nyasi ya kangaruu. Serengeti imejaa hiyo. Kisayansi ilipewa jina na Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, yule mtaalamu wa Uswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi ya mimea, katika kitabu cha mimea ya Misri na Uarabuni kilichochapishwa 1775, miaka 12 baada ya yeye mwenyewe kufia Yemen. Mmea uliojieneza kwenye mabara mengi hivyo bila kubebwa na mtu haukosi ustahimilivu.

Ni ndugu wa mahindi, mtama na muwa, na kama wao hutumia ule usanisinuru unaoitwa C4: kaboni hukusanywa kwanza kwenye seli za nje za jani, kisha husukumwa ndani mahali sukari inapotengenezwa. Faida yake kwa mtunza bustani ni kwamba jani linaweza kubana matundu yake wakati wa joto, likapoteza maji kidogo, na bado likaendelea kujilisha. Lakini kazi hiyo ya kusukuma kaboni huhitaji nguvu nyingi ya jua, ndiyo maana kivulini nyasi hii hudhoofika. Anayetaka kuipanda chini ya mti atafute mmea mwingine.

Kwa nini si ile nyasi ya mashuke ya waridi yenye manyoya inayouzwa kila kitalu, Cenchrus setaceus? Ni nzuri, sikatai. Lakini nje ya kwao haina adabu. Huko Hawaii imetapakaa kwenye miteremko mikavu ya lava, na majani yake makavu hulisha moto unaoteketeza mimea ya pale. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliiingiza kwenye orodha ya viumbe vamizi. Kwao yenyewe, kaskazini na mashariki mwa Afrika, ni mmea kama mimea mingine. Sina haja ya kualika mgeni wa aina hiyo penye mwenyeji anayeweza kazi ileile.

Mwisho wa mvua: kukusanya mbegu

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya mradi, kwa hiyo nitaeleza kirefu.

Themeda ni bahili wa mbegu. Ukilitazama shuke lake kwa karibu utaona vishada vyenye umbo la pembetatu, kila kimoja kimefunikwa na jani dogo la rangi ya kutu. Ndani ya kishada mna vijishuke kadhaa, lakini vingi ni vya dume au vitupu, vimekaa kumzunguka mmoja aliye katikati. Huyo wa katikati ndiye mwenye mbegu. Mara nyingi kishada kizima hutoa mbegu moja tu, hivyo mfuko uliojaa ukiupepeta unabaki na konzi.

Mbegu yenyewe inafaa kutazamwa. Ni ya kahawia iliyokolea, inang'aa, na ina mkia mweusi unaoweza kufika sentimita 7. Nusu ya chini ya mkia imejisokota, kisha panapinda kama goti, na sehemu iliyobaki imenyooka. Nimeiweka moja kwenye kiganja nikaidondoshea maji. Mwanzoni kimya. Kisha ile sehemu iliyosokotwa ikaanza kujisokotoa, na ncha ya juu ikawa inazunguka polepole mpaka ikagusa kidole gumba na kukisukuma. Ikikauka hujisokota upya kurudi ilikotoka. Upande wa mbegu ni mchongoko, una vinywele vyekundu vilivyoelekea nyuma, kwa hiyo ikishaingia udongoni hairudi. Umande wa usiku na jua la mchana vinatosha kuizungusha ikajitoboza ardhini kama keekee. (Kwenye soksi inafanya vivyo hivyo. Mwenye mbwa wa manyoya marefu amkague masikio baada ya kupita humo.)

Kujua kama imeiva ni rahisi: pitisha mkono kwenye bua kutoka chini kwenda juu, bila kuvuta. Mbegu zilizoiva zitakufuata mkononi. Zikigoma, rudi baada ya siku chache, lakini usikawie, maana upepo mkali wa siku moja unaweza kuzipukutisha zote. Nimechuma kwenye mashina mengi, kidogo kidogo kila shina, kwenye shamba ambalo mwenyewe ameniruhusu, na sehemu kubwa nimeiacha palepale.

Tahadhari kwa wanaonunua mbegu: yupo ndugu yake, Themeda quadrivalvis, anayefanana naye ukiangalia harakaharaka. Huyo ni wa msimu mmoja, anaota, anazaa mbegu nyingi, anakufa. Asili yake ni India, na huko Australia ni gugu linalosumbua malisho na kingo za barabara. Ukiona mashina yanang'oka kirahisi na yote yamekufa mwisho wa msimu, umeuziwa huyo.

Mbegu zimeingia kwenye mifuko ya karatasi, zikaning'inizwa mahali pakavu. Hazioteshwi sasa. Mbegu mbichi ya Themeda imelala usingizi, na usingizi huo huweza kuchukua hadi karibu mwaka kuisha. Kuzilazimisha mapema ni kupoteza mbegu.

Kiangazi: kusafisha eneo

Magugu yametolewa na mizizi yake. Ukoka ndio uliotusumbua. Kipande kidogo cha mzizi kikibaki, unarudi. Nimemwagilia eneo, nikasubiri magugu yaote, nikayapara, kisha nikarudia. Kazi ya kuchosha lakini ukiiruka utajuta mwaka mzima wa kwanza, kwa sababu mche wa Themeda ni mwembamba na gugu lolote huupita kimo.

Mzee jirani amenionea huruma akaleta toroli la samadi.

"Kijana, udongo huu umekufa. Utapandaje kitu hapa bila kuulisha?"

"Nashukuru sana, mzee. Ila hii ninayopanda ikilishwa ndiyo inakufa."

Amenitazama kama ninayemtania, akaenda zake. Samadi yake nimeiweka kwenye tuta la mboga, imepokelewa vizuri. Lakini nilichomwambia si utani. Nitrojeni ikizidi, wanaofaidi ni magugu ya msimu mmoja yanayokua haraka, na Themeda hufunikwa. Watafiti wa Australia wanaorejesha nyasi za asili kwenye ardhi iliyoharibiwa wamewahi kumwaga sukari ya kawaida juu ya udongo. Sukari huwalisha vijidudu wa udongoni, nao wakiongezeka huifyonza nitrojeni na kuifunga, magugu yakakosa chakula, na miche ya Themeda ikapata nafasi. Mimi sihitaji kwenda huko, kwa sababu kichanga changu tayari ni fukara. Umaskini wa udongo huu ndio mtaji wa mradi.

Kabla ya mvua: moshi

Mwaka 1990 watafiti wawili wa Afrika Kusini, De Lange na Boucher, walionyesha kwamba moshi wa mimea, hata bila joto la moto, huamsha mbegu zilizolala. Themeda ikaja kuthibitishwa kuwa miongoni mwa zinazoitikia. Mwaka 2004 ndipo kemikali yenyewe ilipotambuliwa kwenye moshi wa majani makavu. Kundi lake siku hizi huitwa karikini. Mantiki yake inaeleweka: moto ukishapita porini, ardhi iko wazi na jua linafika chini, na mbegu iliyonusa moshi inajua huu ndio wakati.

Vifaa vyangu ni vya jikoni tu. Bati kuukuu lenye kifuniko, majani makavu yaliyonyunyiziwa maji kidogo ili yafuke badala ya kuwaka, na kipande cha bomba kinachopeleka moshi kwenye sanduku la mbao. Ndani ya sanduku nimepanga trei zenye mchanga uliolowa kidogo, mbegu zikiwa juu. Bomba liwe refu kiasi ili moshi ufike umepoa. Njia nyingine ni kupitisha moshi kwenye maji kisha kulowekea mbegu humo, lakini maji hayo lazima yazimuliwe sana. Yakiwa makali huzuia kuota badala ya kusaidia. Trei nyingine nimeziacha bila moshi nipate cha kulinganisha.

Upandaji wenyewe: mbegu inachomekwa kwa ile ncha kali, mkia ukibaki umesimama nje. Trei zikishajaa zinaonekana zimeota ndevu. Udongo wa trei ni mchanga uliochanganywa na udongo wa bustani tu, hakuna mboji.

Trei zinaanza kuchipua

Joto la nyuzi 25 hadi 30 linazifaa, na hali ya hewa imetupa hilo. Trei za moshi zimetangulia na zimechipua kwa pamoja. Zisizopata moshi zinachipua pia, ila kwa kusuasua, mche mmoja leo, mwingine baadaye. Kwa mwenye haraka au mwenye mbegu chache, moshi unalipa. Mwenye gunia la mbegu na subira anaweza kuuacha.

Maji nanyunyiza asubuhi tu. Miche ikikesha imelowa huoza shingoni.

Mvua imeshika: kupandikiza

Miche ina majani kadhaa na mizizi inashikilia udongo wa trei ukiigeuza. Imetoka. Nafasi kati ya shina na shina ni sentimita 40 hadi 50. Sasa hivi eneo linaonekana tupu na linachekesha, lakini shina likikomaa hujitanua mpaka majani yakagusana na ya mwenzake, na kimo cha mabua huweza kupita mita moja.

Sikuzipanga mistari. Nyasi za mapambo zikipangwa kwa kamba hufanana na shamba lililosahauliwa. Nimepanda kwa makundi, nikaacha mapengo ya kupita mtu na ya kuweka shubiri na mimea ya maua inayoota kutoka kwenye vitunguu vyake hapo baadaye.

Kuna pia mashina ya kugawa. Nimechimbua shina kuukuu, nikalipasua kwa sepetu, kila kipande kikabaki na machipukizi kadhaa na mizizi yake, majani nikayakata yabaki sentimita 15 hivi. Vipande hivi vina mwendo kuliko miche ya mbegu na vitatoa maua mapema. Sharti lake ni moja: mizizi isikauke hata kidogo kati ya kuchimbua na kupanda. Gunia lililolowa liwe karibu. Vipande vilivyotoka pembeni mwa shina vimeshika. Vya katikati, palipokwisha kuwa na mabua makavu zaidi ya majani, vingi vimesinyaa.

Juu ya udongo nimetandaza changarawe, safu nyembamba. Matandazo ya majani hapana, hasa karibu na shingo ya mmea, kwa sababu hutunza unyevu mahali pasipotakiwa na yakioza yanarutubisha tusichotaka kurutubisha.

Mvua zikikatika katikati ya msimu huu wa kwanza, nitamwagilia kwa kina na kwa nadra. Baada ya hapo basi.

Kiangazi cha kwanza

Hapa wengi hukata tamaa. Majani yameanza kuwa ya kijani chenye moshi, yakaingia rangi ya chungwa, sasa ni ya kutu na zambarau kwenye ncha. Mgeni aliyepita ameniuliza kwa upole kama bustani imekosa maji. Imekosa, ndiyo, na ndivyo inavyotakiwa. Rangi hizo ndizo nilizozifuata. Jua la jioni likiyapiga majani kutoka nyuma, eneo lote linawaka.

Kutambua shina lililolala na lililokufa: piga goti, tenganisha majani makavu kwa vidole mpaka chini kabisa, pale shina linapokutana na udongo. Chipukizi hai lina kitako kigumu, cheupe kinachoelekea kijani au waridi, na ukilibana halibonyei. La mfu ni kahawia mpaka ndani, linavutika likatoka bila mzizi. Machache ya aina hiyo nimeyapata, hasa karibu kabisa na ukuta.

Kishawishi cha kumwagilia ni kikubwa. Shina likimwagiliwa wakati wa kulala huchipua majani laini yasiyo na msimu, na kazi yote ya mizizi kushuka chini kutafuta maji inasimama.

Mvua za mwaka uliofuata

Mabua yametoka. Mengine yamenifika kifuani, yamejiinamia kidogo kwa uzito wa vishada. Sina mengi ya kuandika, hakuna kazi. Kupalilia kumepungua mno kwa sababu mashina yamefunika udongo.

Kukata

Nikiulizwa sehemu moja ya shajara hii ya kusoma na nyingine zote kuziacha, ningesema hii.

Watu wanasikia "nyasi ya asili, haitaki matunzo" wanaipanda na kuiacha. Miaka michache inapendeza. Kisha majani makavu ya misimu iliyopita yanajilundika juu ya shina, hayadondoki, yanalizibia jua. Machipukizi mapya yanalazimika kuota juu zaidi, mbali na udongo, yakiwa membamba. Katikati panakufa. Nchini Australia, mahali nyasi hii ilipoachwa bila moto wala kukatwa, mashina yalionekana kudhoofika na kuporomoka kabla ya muongo mmoja kwisha, au baada yake kidogo. Porini moto na wanyama ndio wanaoiondolea mzigo huo. Bustanini, karibu na paa na waya, moto haufikiriki, kwa hiyo ni mundu.

Nimekata mwishoni mwa kiangazi, wakati mawingu yameanza kujikusanya lakini mvua haijanyesha. Kimo kinachobaki ni cha ngumi iliyosimamishwa. Funga kwanza shina zima kwa kamba katikati, ndipo ukate chini ya kamba. Utatoka na mganda mmoja badala ya majani kutawanyika uwanja mzima. Vaa glavu, kingo za majani makavu zinachana. Kisha kwa vidole au reki ndogo ondoa uchafu uliobanana ndani ya kitako mpaka mwanga uingie.

Upande wa pili wa jambo hili nao ni muhimu. Kukata mara kwa mara wakati inakua, kama mtu anavyofyeka ukoka, kunaiua vilevile. Wataalamu wa malisho wa Afrika Kusini huiweka kwenye kundi la nyasi zinazopungua mifugo inapozidi. Ikitoweka malishoni, wanajua pamelishwa kupita kiasi. Mara moja kwa mwaka, au kila mwaka wa pili kama majani hayajajaa, ndiyo kipimo ninachokifuata.

Mashina machache kwenye kona nimeyaacha bila kukata makusudi. Mvua zilipoanza, yaliyokatwa yalichipua kwa kishindo, kijani safi kutoka kwenye kitako chote. Yale ya kona yametoa majani pembeni tu, katikati bado ni makapi ya kijivu. Tofauti inaonekana hata kwa asiyejua chochote kuhusu nyasi.

Miganda haikutupwa. Ile iliyokuwa bado na mbegu nimeitandaza kwenye kipande cha pili, nyuma ya nyumba, kilichokwisha kupaliliwa. Mbegu zinadondoka zenyewe na mikia yake inafanya kazi ya kupanda, majani yanazikinga na jua na midomo ya ndege. Ni njia inayotumika kurejesha nyasi kwenye maeneo makubwa, na inamwokoa mtu na trei. Sisimizi wamechukua sehemu yao.

Yaliyo mezani sasa

Miongoni mwa mashina yaliyotokana na mbegu, yapo ambayo majani yake ni ya samawati ya kijivu, kama yamepakwa nta, na hata kiangazi huchelewa kugeuka. Mengine ni ya kijani cha kawaida na huwahi kuwa mekundu. Themeda ina tofauti kubwa za ndani: kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli) za mimea fulani ni 20, za mingine 40, na ipo inayozidi hapo. Australia, wenye 40 ndio wengi kwenye maeneo makavu ya bara. Tena nyasi hii inaweza kuzaa mbegu bila kurutubishwa, yaani mche ukawa nakala ya mama yake.

Kwa hiyo mbegu za msimu huu nakusanya kwa mifuko miwili, ya samawati mbali na ya kijani, kila mfuko na lebo yake. Ya samawati yataenda karibu na ukuta, kwenye mapengo yaliyoachwa na mashina yaliyokufa, ambako joto ni kali zaidi. Na kwa tahadhari nitagawa pia mashina mawili matatu ya samawati kwa sepetu mvua zikianza, ili hata miche ya mbegu ikitoka mchanganyiko, rangi niwe nayo.